Barua ya Wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali Kuhusu Kazi za Watu wa Kilwa

Kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
Ofisi ya Taifa ya Takwimu,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Naomba idhini ya kukufikishia shauri la mkazi wa Nangurukuru, mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hukutana na njia mbili nyingine, moja ikishuka baharini hadi Kilwa Masoko na moja ikizama misituni hadi Liwale. Kwa sababu hiyo mtu akaaye hapa, hata kama hajapata kusafiri, huziona riziki za wilaya nzima zikimpitia mbele ya macho: magunia ya ufuta na korosho yatokayo bara, samaki wakavu na pweza watokao pwani, magogo ya mpingo, na vijana wanaokimbilia madirisha ya mabasi na vifuko vya korosho za kukaanga mikononi.

Katika majedwali ya kazi mkoa wetu huonekana kuwa ni mkoa wa wakulima, na aghalabu habari huishia hapo. Sikanushi kwamba tunalima. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta katika nchi hii. Lakini ziko sehemu za Tanzania ambako mtu akitaja kazi yake moja amekwisha kujieleza, kama mchuma chai wa Mufindi ambaye majani huchipua mwaka mzima mbele yake, au mtumishi wa msitu wa kupandwa wa Sao Hill apokeaye ujira wake mwisho wa mwezi. Ilhali huku kwetu mtu huyo huyo ana kazi tatu au nne kwa zamu, na ukimwandika kwa moja umeziacha nyingine zote nje ya daftari.

Tazama aila moja ya vijiji vilivyo jirani nami. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, mume na mke huenda shamba kupanda mahindi, mtama na muhogo, na mvua zikishika hupanda ufuta. Kisha huja kazi ya kuamia, ambayo hesabu huisahau, watoto na wazee wakikesha juu ya dungu kufukuza nguruwe na nyani, maana asiyeamia havuni. Mwezi wa Mei au Juni ufuta hukatwa, hufungwa miganda, na miganda husimamishwa kwa kuegemezana mpaka vifuko vya mbegu vifumbuke kwa jua, ndipo kila mganda hupinduliwa kichwa chini juu ya turubai na kukung'utwa taratibu kwa fimbo, kwa kuwa punje iliyoangukia mchangani haiokotwi tena. Katika siku hizo mvuvi, mpasua mbao na fundi wa baiskeli wote hugeuka vibarua wa ufuta. Zao hupelekwa chama cha msingi, likaingia ghalani kwa stakabadhi, likapigwa mnada, na fedha zikaja baadaye. Naye asiyeweza kungoja, kwa kuwa ana mgonjwa ndani au ada ya mtoto, humuuzia mlanguzi, yule aitwaye chomachoma, kwa bei ya dhiki. Fedha zikipungua, yule mume hushuka pwani kutafuta nafasi katika chombo cha mwenzake. Na korosho zikianza kuanguka mwezi wa Oktoba, hurudi tena shambani.

Baharini nako hesabu ni ya mwezi na ya pepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, mitumbwi midogo hubaki ndani ya ghuba. Bamvua ikifika na maji yakajitenga mbali, wanawake wa kisiwa cha Songo Songo hutembea juu ya miamba, michokoo mikononi, wakichokoa mashimo ya pweza kwa saa chache mpaka maji yajae, na wenzao wa pwani ya bara hutanda uduvi na dagaa kwa nguo kwenye kingo za mikoko. Maji mafu yakiingia, kazi hiyo husimama. Fauka ya hayo wapo wageni wa dago, wavuvi watokao Unguja, Mafia na Tanga, ambao hupiga kambi kwa miezi katika visiwa na fukwe zetu kisha wakaondoka, na ambao samaki wao wametoka Kilwa lakini kazi yao, ikiandikwa popote, huandikwa walikotoka.

Msitu pia una watu wake. Kijiji cha Kikole mwaka 2009 kilipata hati ya kimataifa ya kushuhudia kwamba mpingo wa msitu wa kijiji unavunwa kwa insafu, na vijiji vingine, Nanjirinji ikiwamo, vikafuata. Na kwa Sheria ya Misitu ya 2002 mapato ya msitu wa kijiji ni haki ya wanakijiji wenyewe. Wamo humo wapimaji wa miti, wakataji, wapakiaji, na wajumbe wa kamati wanaozunguka doria siku kadhaa katika mwezi, na katika hao hutampata hata mmoja atakayekujibu kwamba kazi yake ni misitu. Atakwambia mimi mkulima. Na tangu wafugaji walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 wakaletwa kusini na ng'ombe wao, uchungaji nao umekuwa kazi ya vijana katika vijiji ambavyo zamani havikujua mifugo ila mbuzi na kuku.

Sasa karani wako akibisha hodi, kama katika Utafiti wa Nguvu Kazi wa 2014 au wa 2020/21, huuliza habari za siku saba zilizopita na kazi kuu ya mtu. Siku saba za bamvua na siku saba za maji mafu, katika nyumba ile ile, zitampa majibu mawili yasiyofanana, na yote mawili ni kweli. Najua kwamba hojaji huuliza pia kazi ya pili. Lakini majedwali yawafikiayo wakubwa mezani ni ya kazi kuu, na yakifika ni ya mkoa mzima, hivi kwamba mvuvi wa Songo Songo na mkulima wa Nachingwea, ambaye pengine hajapata kuiona bahari, huchanganywa katika wastani mmoja. Kadhalika wanatakwimu wa kazi wa mataifa, walipokutana Geneva mwaka 2013, walikata shauri kwamba azalishaye kwa chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, ila hayumo katika ajira. Mpaka huo una maana yake kwa walioupanga. Kwetu sisi unapita katikati ya shamba la mwanamke mmoja, muhogo wake ukiwa upande huu na ufuta wake upande wa pili, na jembe ni lile lile.

Wala usistaajabu wenyeji wakijibu kwa ufupi. Huku kuhesabiwa kumefuatana na kutozwa tangu enzi ya Wajerumani, walipoleta kodi na kuwalazimisha watu kulima pamba, hata Wamatumbi wa Nandete wakaing'oa mwezi wa Julai 1905, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mzee anayekumbuka simulizi hizo hawezi kumtajia mgeni mwenye kalamu kila shilingi apatayo usiku baharini.

Naliandika hili sasa kwa sababu ya bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kupelekwa Dar es Salaam mwaka 2004, na hadi leo barazani watu hubishana kama ilileta kazi kwa wenyeji au haikuleta, kila mmoja akitaja mtoto wa fulani aliyeandikwa ulinzi au wa fulani aliyekataliwa, kwa kuwa hakuna mwenye hesabu ya kijiji ya kabla na ya baada. Ubishi wa aina hiyo huchosha watu na huvunja imani yao. Bandari itakapofunguliwa, patakuwa na mabaharia, mafundi wa barafu, wapima samaki na wachuuzi, na madhali wavuvi wa miguu na wa mitumbwi hawaonekani kwa idadi yao katika majedwali ya kazi kuu, nani atajua baada ya miaka kumi kwamba mama wa mchokoo amepata au amepokonywa?

Sensa ya Agosti 2022 ilitukuta watu 1,194,028 katika Mkoa wa Lindi, na iliwezekana kuwafikia wote. Basi nakuomba, Mheshimiwa, kabla bandari haijaanza kazi, Kilwa ihesabiwe kazi zake peke yake kama wilaya, kwa duru mbili, moja wakati wa kukung'uta ufuta na moja wakati wa kaskazi bahari ikiwa tulivu. Kazi zote za mtu ziandikwe pamoja na miezi ya kila moja. Wageni wa dago waandikwe hapa wanapovulia. Na kuamia, kutanda na doria za msitu zitajwe kwa majina yake katika hojaji, maana mtu akisomewa kazi yake huikiri. Makarani na wachukuliwe katika vijiji hivi, nao wafike pwani maji yakiwa yamejaa, wakati wanawake wamekwisha rudi kutoka miambani na wana nafasi ya kuketi na kujibu. Matokeo yakiwa tayari yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za watendaji wa vijiji, ili mwenye kuona amepunjwa aseme mapema.



Wako mtiifu,
Mkazi wa Nangurukuru,
Wilaya ya Kilwa.