Tatizo ni saa, si waya

Hivi majuzi hapa Sironga, mwalimu mmoja wa fasihi simulizi alinionyesha waya mfupi aliouziwa kwa fedha ambazo zingewanunulia wanafunzi wake vitabu vya kiada. Muuzaji alimwahidi kwamba waya huo, ukiunganisha kompyuta na kigeuzi cha sauti, ungeondoa mtikisiko katika rekodi zake za masimulizi ya wazee na za obokano, ala yetu ya nyuzi nane. Kwa maoni yangu, mwalimu huyo alifungwa bendeji mguuni ilhali aliumia mkono.

Mtikisiko huo ni nini hasa? Sauti ya dijitali ni mfululizo wa namba. Katika diski ya CD, kila mkondo wa sauti huwa na namba 44,100 kwa sekunde. Kigeuzi huzirudisha namba hizo kuwa sauti, kila moja kwa wakati wake. Saa inayokiongoza ikiyumba, namba sahihi hutolewa wakati usio sahihi, nayo sauti huchafuka; mfano wa mpiga ngoma ajuaye kila pigo lakini huwahi hapa na kuchelewa pale.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kompyuta na kigeuzi haviwezi kuongoza pamoja. Afadhali kuchagua kigeuzi cha USB ambacho saa yake yenyewe ndiyo hutawala. Hicho huziweka namba akibani, kisha huiagiza kompyuta ilete nyingine kadiri zinavyohitajika. Kikiundwa vyema, hata kiwe cha bei ya wastani, mtikisiko unaobaki aghalabu hausikiki. Sauti ikikatikakatika, huo ni ugonjwa mwingine: namba zimechelewa kufika. Funga programu usizozihitaji na uongeze akiba hiyo katika mipangilio ya kompyuta.

Hata hivyo, kuna jambo zito zaidi. Mtikisiko wa kusikiliza hutibika kesho kwa kubadilisha kifaa. Mtikisiko wa kurekodi ni maji yaliyomwagika, kwa kuwa kosa la kupima limekwisha kuhifadhiwa ndani ya namba zenyewe. Kwa hivyo fedha chache za shule zitumiwe kwanza pale rekodi inapozaliwa: kinasa sauti chenye saa thabiti, maikrofoni nzuri iliyo karibu na msimulizi, na chumba kisicho na mwangwi.

Nasema haya nikiwa mwanaisimu. Kigusii kina irabu saba, lakini tahajia yetu ya kawaida hutumia herufi tano tu za irabu, na toni haziandikwi. Yale ambayo kalamu huyaacha, sauti pekee ndiyo huyahifadhi. Mzee tuliyemrekodi vibaya hatafufuka ili aturudie hadithi.

Walimu wenzangu, kabla ya kufungua mkoba, muulizeni muuzaji: saa inayoongoza iko wapi? Akianza kuusifu waya, mwageni kwa heri.