Mtungi wa jikoni usigeuzwe tangi la gari



Madereva wengi wa Dar es Salaam wanabadili magari ya petroli yatumie gesi, na kwa jinsi bei ya mafuta ilivyo, siwalaumu. Ninachoomba ni tuache kuziona gesi zote kuwa kitu kimoja.

Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, inayojazwa vituoni, ni methani iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa takriban baa 200. Ikivuja hupaa na kutawanyika. Gesi ya jikoni ni propani na butani, hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo zaidi, na ikivuja hutambaa chini na kutuama, hata ndani ya buti, ikingoja cheche.

Ndiyo maana vifaa vya gesi hizi mbili haviingiliani. Na hata tangi la gari linalotumia gesi hiyo ya kimiminika si sawa na mtungi wa jikoni: lina vali inayozuia ujazo usizidi asilimia 80, ili gesi ipate nafasi ya kutanuka kwenye joto, na nyingine inayofunga gesi injini ikizimwa. Mtungi wa jikoni hauna vali hizo. Fundi anayeufunga kwenye buti anacheza na roho za abiria.

Mamlaka husika zitangaze karakana zenye kibali. Kila gari lililobadilishwa libandikwe stika yenye aina ya gesi na tarehe ya ukaguzi wa mtungi. Lisilo nayo, lisijazwe. Stika hiyo itawasaidia pia zimamoto ajali ikitokea.


Dereva wa teksi,
Tabata, Dar es Salaam