Njia Iliyo Kati ya Nyumba Mbili

Mume na mke wakiachana hugawana vyombo, na siku za kukaa na watoto hugawanywa vilevile. Kitu kimoja husahauliwa katika mgawo huo, nacho ni njia iliyo kati ya nyumba ya mama na nyumba ya baba. Aghalabu njia hiyo huachiwa mama. Desturi hii ina watetezi wake. Husema kuwa baba akitoa posho amekwisha kutimiza wajibu, na mama akitaka mtoto aonane na baba yake, basi ampeleke.

Utetezi huo hujificha nyuma ya sheria. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humpa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa makazi, mavazi, chakula na elimu. Safari haikutajwa, kwa hiyo, husemwa, safari si deni. Walakin sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 125, huchukulia, mpaka ithibitike vingine, kuwa ni heri mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake. Mtoto wa umri huo ndiye hasa asiyeweza kupanda daladala peke yake. Kumweka kwa mama bila ya neno lolote juu ya njia ni kumtwika mama mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Wanazuoni wa kale waliona mbali kidogo. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mtoto hulelewa na mama mpaka afikie umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka 7, kisha hupewa hiari ya kuchagua. Mvulana akimchagua mama, usiku hulala kwa mama na mchana huwa kwa baba, ili baba amtie adabu, amsomeshe na kumfunza kazi. Maana yake ni safari mbili kila siku! Lakini hukumu hiyo hufaa mji ambao nyumba hizo mbili hutenganishwa na vichochoro vichache, na kila jirani amwonaye mtoto njiani anajua ni wa nani. Leo mama yuko Mbagala na baba yuko Bunju, pembe mbili za Dar es Salaam. Kati yao kuna foleni, jua, na umati wa watu wasiojuana. Walioachana wakakaa mikoa mbalimbali wana hila mbaya zaidi: mtoto hukabidhiwa kondakta wa basi kama kifurushi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, hutamka kuwa wajibu wa mama na baba kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Usawa uishiao katika fedha ni nusu ya usawa.

Mgawo ulio bora ni huu: aliye na mtoto ndiye ampeleke kwa mwenzake. Mtoto aliyepelekwa na mama kwa baba huona kwamba ameruhusiwa kumpenda baba. Mtoto aliyefuatwa mlangoni huona kama ananyang'anywa. Wako wasemao kuwa aliyehama abebe safari yote. Hao wasahau kwamba mama arudiye kwa wazazi wake Morogoro mara nyingi hakuhama kwa anasa. Amekosa kodi ya chumba. Mwenye pato kubwa atoe nauli kubwa, illa zamu ya kwenda haiuzwi. Palipo na hofu ya kupigwa, makabidhiano na yafanywe kwa bibi au shuleni, wala yasifanywe mlangoni pa mtalaka.

Hakimu aandikaye kiasi cha posho katika amri yake hashindwi kuongeza mstari mmoja chini yake: siku, saa, mahali pa kukabidhiana, nani atampeleka mtoto, na nauli itatoka mfukoni mwa nani.