Vichwa vya mvuke visiachiwe kutu

Vichwa vya treni vya mvuke vinavyopigwa jua na mvua katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, vijengewe paa. Kati ya 34 vya aina ya 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, vimesalia viwili tu: Mount Gelai na Mount Shengena. Vina tani 252 kila kimoja na majina ya milima ya Tanzania. Urithi huu si wa Kenya peke yake.

Wapo wasemao fedha ziende kwenye reli mpya. Hoja hiyo ina uzito, lakini paa ni gharama ndogo, na boila iliyoliwa na kutu haiponi kwa rangi. Mount Gelai kilishafufuliwa kikatembea tena, ufundi upo. Waliokabidhiwa vyuma hivi watenge fungu katika bajeti ijayo.