Ngozi ya Chuma na Karakana Yetu

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, mzee mmoja alisimama akauliza kwa nini karakana yetu ya vyuma isigeuzwe kuwa bweni. Alisema kwamba watoto wanalala wawili wawili katika kitanda kimoja, na huku jumba zima limefungwa kwa kufuli, ndani yake mna madawati mabovu na vumbi. Watu wengi walimpigia makofi. Mimi nilikuwa mlangoni nikibeba viti vya wageni, nikanyamaza kwa heshima. Lakini sikukubali, na sasa naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu.

Sababu yangu ya kwanza ni gia moja ndogo. Baba yangu ana mashine ya kusaga mahindi, na sare, madaftari na nauli yangu hutoka humo. Mwaka jana gia ya injini yake ilivunjika jino. Baba akanunua nyingine dukani, nzuri ya kutazama, yang'aa kuliko ile ya zamani. Haikumaliza hata msimu mmoja wa mavuno. Meno yake yalilika kama sabuni, mashine ikasimama wiki tatu, na wateja wakahamia kwingine. Fundi alipoitwa alichukua tupa akaisugua ile gia ya zamani. Tupa ikateleza, isiache hata alama. Akaisugua ile mpya. Tupa ikauma, na unga wa chuma ukamwagika chini. Akasema, "Hii haina ngozi, mzee. Ina sura tu."

Neno hilo lilinikaa moyoni, nikamwendea mwalimu wetu wa fizikia kumwuliza ngozi ya chuma ni kitu gani. Kwanza alinionyesha kile kikopo kidogo cha taa ya tyubu ya maabara, ambacho mafundi hukiita stata. Ndani yake mna kichupa cha kioo chenye gesi haba na vipande viwili vya chuma. Tunapobonyeza swichi, umeme hupita katika ile gesi, nayo hung'aa kidogo. Mng'ao ule hukipasha joto kipande kimoja, kikapinda, kikagusana na mwenzake. Na baada ya kupoa na kuachana, tyubu huwaka. Mambo haya hutokea juu ya vichwa vyetu killa jioni, wala hatuyaangalii.

Gesi inayong'aa hivyo huitwa plazma. Jina hilo lilitolewa na Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928, lakini mng'ao wenyewe ulijulikana zamani. Heinrich Geissler wa Ujerumani alikuwa akitengeneza vyupa vya namna hiyo tangu mwaka 1857. Gesi ikiwa haba na umeme ukiwa na nguvu ya kutosha, elektroni huchopoka katika atomu, na atomu zilizobaki hugeuka ioni, ambazo huvutwa kwa kasi kuelekea upande hasi.

Sasa wasomaji watauliza, gia ya baba yako inaingiaje hapa? Inaingia hivi. Katika miaka ya 1930, Bernhard Berghaus wa Ujerumani aliutumia mng'ao huo kuvipa vyuma ngozi ngumu. Gia au mtaimbo wa injini huwekwa ndani ya pipa kubwa la chuma, hewa hutolewa kwa pampu, kisha huingizwa kiasi kidogo cha naitrojeni na haidrojeni. Gia hufanywa upande hasi, na ukuta wa pipa upande chanya, kwa umeme wa volti mia kadhaa. Mng'ao wa zambarau huifunika gia yote na kufuata umbo lake, jino kwa jino. Ioni huipiga, huisafisha na kuipasha joto la nyuzi 400 hadi 580 hivi za Sentigredi, na naitrojeni hupenya ndani ya chuma. Baada ya saa nyingi gia huwa na ngozi ngumu, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu milimita. Na kwa kuwa haikuzimishwa majini kama mhunzi afanyavyo jembe, haipindi wala haibadili kipimo sana.

Yako pia mambo mengine ya kusifiwa. Njia za zamani za kuingiza naitrojeni zilitumia gesi ya amonia, na nyingine chumvi ya sianidi, ambayo ni sumu kali. Njia hii hutumia naitrojeni, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta. Lakini nisiipambe mno. Ngozi ngumu juu ya chuma duni hupasuka ikilemewa, na ni lazima kuchagua chuma chenye vitu kama kromiamu au alumini, ambavyo hushikana vema na naitrojeni.

Ajabu ni kwamba mng'ao uleule unaovisha chuma waweza pia kukivua. Mjerumani mwingine, Werner Grimm, mwaka 1968 alichapisha maelezo ya taa yake ya kupimia vyuma. Humo hutumiwa gesi ya agoni, na kipande kinachopimwa huwa upande hasi. Ioni za agoni hukichimba tabaka kwa tabaka, atomu zake huingia katika mng'ao, na kila moja hutoa rangi zake. Tunaijua kanuni hiyo: tukitupa chumvi motoni, ndimi za moto hugeuka manjano kwa sababu ya sodiamu. Chombo huzipambanua rangi hizo na kuzihesabu. Kwa njia hii bati la kuezekea laweza kupimwa kwa dakika chache, ikajulikana zinki yake ni nene kiasi gani kabla ya kufikia chuma. Mtu aliyeezeka nyumba kwa akiba yake yote, kisha akaona kutu baada ya masika mawili, ataelewa faida ya jambo hili.

Hapana shaka wako watakaosema, "Mitambo hiyo ni ya gharama kubwa, shule yetu haitaipata." Ni kweli, nami siiombi. Lakini tupa twaweza kuinunua, na stata iliyokufa yapatikana bure. Mwanafunzi aliyesugua chuma kigumu na chuma laini kwa mkono wake, kisha akaelezwa kwa nini, hatadanganywa dukani kwa mng'aro. Tena huyo ndiye atakayeweza kesho kusimama mbele ya mtambo huo na kuuendesha. Asiyewahi kushika chuma ataihesabu fizikia kuwa ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na wenzetu wengine wameanza kusema kwamba karakana ni ya walioshindwa masomo. Maneno hayo ni ya aibu.

Wala simdharau yule mzee. Mimi mwenyewe nalala na mwenzangu kitanda kimoja, na najua tabu yake. Bweni latakiwa, na wazazi wana haki ya kulidai. Ila karakana ikishavunjwa hairudi. Maoni yangu ni haya: madawati mabovu yatolewe, tuyatengeneze wenyewe humo humo siku za Jumamosi, na mara moja kila wiki mbili, kipindi cha fizikia kifanyiwe katika karakana. Tukishindwa kuitumia kwa mwaka mmoja, basi na igeuzwe bweni, nami nitakuwa wa kwanza kubeba vitanda.

Ile gia iliyolika ninayo sandukuni mwangu. Atakayependa kuisugua kwa tupa na aje, nitamwonyesha. 

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu