Lualaba ni mchezo kwa wageni, ni barabara kwetu: utalii wa mtumbwi unaweza kuanza Kasongo?

Picha za wageni wakishuka maporomoko ndani ya vimtumbwi vya plastiki zinapita sana kwenye simu. Na kila mara vijana wa Kasongo wanauliza: sisi pia tuko na Lualaba, mbona wale watu hawafikake kwetu?

Swali ni la haki, kwani mto tuko nao. Kati ya Kongolo na Kasongo maji yanabanwa na mawe pale Portes d'Enfer, ni kusema Milango ya Jehanamu. Ndiyo maana mashua haitoki Kongolo kufika kwetu, na Wabelgiji walilazimika kujenga reli Kongolo–Kindu. Toka Kasongo hadi Kibombo mto unatulia, karibu kilomita 100. Mbele kuna mawe tena hadi Kindu, kisha karibu kilomita 300 za maji mapole mpaka Ubundu. Kwa mtu anayependa kafi na pori, maji ya kila aina yapo.

Wengine wanakula kupitia mto kama huu. Kule Jinja, Uganda, tangu miaka ya 1990 watalii wanalipa dola kwa kushuka Nili na mipira ya hewa. Faida inafikia waongozaji, wapishi, wenye nyumba za kulala, hadi vijana wa pikipiki. Lakini bwawa la Bujagali mwaka 2012, na lile la Isimba mwaka 2019, yalifunika sehemu kubwa ya maporomoko hayo. Poromoko moja linatafutwa na mtalii na linatafutwa na umeme pia. Wenyeji wasipoongea mapema, wengine wataamua mahali pao.

Sasa kwetu kizuizi ni nini? Cha kwanza ni usalama. Hakuna mtu anayelipa pesa kwa ajili ya raha mahali anapoogopa kutekwa. Mwaka 2017 wafanyakazi wa mgodi wa Namoya, teritware ya Kabambare, walitekwa, na kati yao alikuwamo Mfaransa. Habari ya namna hiyo inazunguka dunia kwa siku moja, na kuisahaulisha kunaomba miaka. Hata Virunga, yenye walinzi na jina kubwa, ilifunga milango kwa watalii mwaka 2018 kisha Waingereza wawili kutekwa na mlinzi mmoja kuuawa.

Kizuizi cha pili ni mto wenyewe. Hendri Coetzee, wa Afrika Kusini, alikuwa fundi: mwaka 2004 aliongoza safari ya kushuka Nili mpaka baharini. Tarehe 7 Desemba 2010 alikuwa na Wamarekani wawili kwenye Lukuga, ule mto unaotoka ziwa Tanganyika na kuingia Lualaba. Mamba akamvuta ndani ya kayaki yake. Wenzake walipona, yeye hakuonekana tena. Kama fundi wa namna ile alikufa, basi mgeni wa kawaida hawezi kuachwa peke yake na ramani.

Na hapo ndipo tuko na kitu ambacho pesa hainunui haraka: watu wanaojua maji. Historia yetu inaonyesha. Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi, hakuipata, akarudi. Mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua nani anapita. Hadi leo Wagenia na wavuvi wengine wanajua jiwe limejificha wapi wakati wa kiangazi, na kiboko analala upande gani.

Lakini tusijidanganye. Huo mto ambao mgeni anauita mchezo, kwetu ni barabara. Mama anapakia mpunga na muhogo, mtoto mgongoni, bila jile ya kuokolea, mtumbwi umejaa hadi maji yanagusa ukingo. Upepo ukitokea, ni kilio. Nani atamwamini mwongozaji ambaye abiria wake mwenyewe hana jile?

Kwa hiyo kazi ya kwanza haingoji watalii. Wenye mitumbwi wakubaliane idadi ya watu na mizigo. Majile yapatikane bandarini, hata kwa kukodisha kwa franka chache. Wazee wa mto wafundishe vijana, na majina ya wanaojua kila poromoko yaandikwe kwenye sekta. Kama amani itakuja Kabambare na wageni wakafika, watakuta waongozaji tayari, wenye bei moja inayojulikana. Na kama hawatafika, bado mama wa mpunga atakuwa amevuka salama. Hiyo peke yake ni faida ya kutosha.