Furaha ya Mwezi Mmoja, Deni la Mwaka

Mkopo wa matumizi ni fedha inayokopwa kununua kitu kisichozalisha kipato: televisheni, seti ya sofa, simu ya kisasa, nguo za sikukuu. Nchini Kenya, aliyetaka mkopo wa namna hiyo alihitaji wadhamini, hati ya mshahara au uanachama wa sacco. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mambo yalibadilika. Mteja alibonyeza simu, fedha ikaingia papo hapo kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa hata salio lake la M-Pesa likiwa limekwisha.

Haki isemwe: fedha hizo zimenunua dawa usiku wa manane na kulipa karo. Lakini ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi ni sawa na asilimia 90 kwa mwaka. Anayekopa shilingi 10,000 kwa ada hiyo hudaiwa 10,750, na akiongezewa siku 30 nyingine kwa ada ileile, deni hufika 11,500 au zaidi. Mfanyabiashara wa mboga anaweza kuizungusha fedha hiyo ikamlipa. Sofa haizunguki.

Sofa yenyewe nayo huzoeleka upesi. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza kwamba binadamu huzoea hali mpya, kisha hisia zake hurudi karibu na pale zilipokuwa. Kwa mkopaji, jambo hilo lina uchungu wa pekee: mazoea hufika kabla ya marejesho kwisha. Televisheni iliyowakusanya majirani wiki ya kwanza imekuwa chombo cha kawaida, na kila mwisho wa mwezi bado inadai.

Nchini Tanzania, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa imepewa jina la kausha damu. Siku ya rejesho ikipita, godoro na jiko la gesi hubebwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Kitu kilichonunuliwa ili kuleta heshima huondoka na heshima iliyokuwapo kabla yake. Mikopo ya mitandaoni ilibuni fedheha nyingine, ya kuwapigia simu mwajiri na wakwe wa mdaiwa.

Kumlaumu mkopaji peke yake kwa tamaa ni kosa, kwa kuwa matangazo humwonyesha kiasi atakachopata na kunyamazia gharama ya mwaka. Kanuni za Kenya za mwaka 2022 zilipiga marufuku vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa. Benki Kuu ya Tanzania nayo, Novemba 2024, ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hizo zinamlinda aliyekwisha kudaiwa. Anayekaribia kukopa anahitaji kuonyeshwa, kwa shilingi na kwa herufi kubwa, jumla atakayolipa akichelewa mwezi mmoja, miwili na mitatu, kabla hajabonyeza kukubali.